Betri inayokata siku ya kumi: mfumo endeshi upi kwa kifaa cha tenki la maji?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Njombe, natengenezea jumuiya ya watumia maji ya kijiji chetu kifaa cha kukaa juu ya tenki. Kinapima kina cha maji, kinahesabu mapigo ya mita, na kila baada ya dakika 10 kinatuma taarifa kwa LoRaWAN (mtandao wa redio wa masafa marefu na umeme kidogo). Nimetumia moduli ya redio ya Murata yenye chipu ya STM32L072 ndani, betri moja ya 18650 ya 2,400 mAh, na programu yote ipo ndani ya kitanzi kimoja cha while. Betri inakata siku ya kumi. Mwakani nataka kuongeza vali inayofunguliwa na kufungwa kwa mota. Mmoja kaniambia niweke FreeRTOS, mwingine Zephyr, wa tatu anasema niachane na yote nifunge kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye Linux. Nichague mfumo endeshi upi wa wakati halisi ili betri idumu? Mchoro wa bodi na programu nimeviambatanisha.*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali mawili ukayafunga kwenye furushi moja: betri, na mfumo endeshi. Ruhusu niyafungue, kwa sababu ukiyajibu kwa pamoja utabadilisha mfumo endeshi mara tatu na betri itaendelea kukata siku ileile ya kumi.

Anza na hesabu ndogo. Siku kumi ni saa 240. Gawanya 2,400 mAh kwa 240 unapata miliampia 10. Huo ndio wastani wa kifaa chako, usiku na mchana. Sasa chipu uliyonayo, ikilala usingizi unaoitwa Stop huku saa yake ya RTC ikitembea, hutumia karibu mikroampia moja. Kati ya mikroampia moja na miliampia 10 kuna tofauti ya mara elfu kumi. Hakuna mfumo endeshi unaoziba tundu la ukubwa huo ikiwa bodi yenyewe inavuja na programu haijawahi kulala.

Na bodi inavuja. Kwenye mchoro wako naona regyuleta (kishusha volti) ya AMS1117 ndiyo inayolisha moduli. Regyuleta hiyo, hata usipounganisha kitu chochote upande wa pili, inakula karibu miliampia 5 peke yake. Nusu ya betri yako inakwenda kulisha regyuleta! Isitoshe, inataka volti moja na ushee juu ya ile inayotoa, kwa hiyo hata betri ikiwa imejaa kwa 4.2 V hupati 3.3 V kamili. Ing'oe. Weka MCP1700 au ndugu yake yeyote anayekula mikroampia moja au mbili. Jambo la pili kwenye mchoro: ule mguu wa VDD_TCXO wa moduli umeuunganisha moja kwa moja na umeme. Unalisha kristali ya redio muda wote, hata redio ikiwa kimya, na kristali hiyo hula kwa kiwango cha miliampia. Ulishe kutoka mguu mmoja wa chipu (bodi ya majaribio ya ST inatumia PA12) ili programu iukate kabla ya kulala.

Kinachobaki ni kitanzi chako. Umeandika HAL_Delay ya dakika kumi. Neno lile linadanganya wengi: chipu hailali ndani ya HAL_Delay, inazunguka palepale ikitazama saa, mamilioni ya mara kwa sekunde, na inakula umeme kana kwamba inafanya kazi ya maana.

Ukirekebisha hayo matatu tu, bila mfumo endeshi wowote, utaona mabadiliko ambayo utadhani umekosea kupima. Nakuomba uyafanye kwanza.

Baada ya hapo, mlaji mkubwa atakuwa redio, na ukubwa wa mlo wake hauamuliwi na FreeRTOS wala Zephyr. Redio ya LoRaWAN ina namba iitwayo SF: ikipanda, ujumbe unafika mbali zaidi lakini unakaa hewani muda mrefu. Tuseme unatuma baiti 12. Kwa SF7 ujumbe huo unakaa hewani milisekunde 62. Kwa SF12 unakaa sekunde 1.48. Chukua mkondo wa miliampia 40 wakati wa kutuma: ukituma kila dakika 10, SF7 inakugharimu wastani wa mikroampia 4, SF12 inakugharimu karibu 99. Kwa SF12 betri yako itakwenda takriban miaka miwili na nusu. Kwa SF7 itazeeka yenyewe kabla hujaimaliza. Tenki halihami, kwa hiyo washa ADR uache mtandao ushushe SF wenyewe, na antena ipandishe juu ya ukingo wa zege badala ya kuiacha ndani ya boksi la chuma. Mita moja ya nguzo inaweza kukuokolea umeme mwingi kuliko wiki mbili za kuandika programu.

Sasa tuje kwenye mfumo endeshi.

"Wakati halisi" watu wengi wanausikia kama "haraka sana". Maana yake ni kutimiza miadi. Mfumo wa wakati halisi ni ule unaoweza kuapa kwamba jambo fulani litafanyika kabla ya muda fulani kupita, hata kama mambo mengine yote yamerundikana. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtu anayetaka mfumo kama huo ni: una miadi gani? Ziandike kwenye karatasi. Nikizisoma kazi zako naona nne.

Kupima kina cha maji: kikichelewa sekunde mbili hakuna atakayejua. Kuhesabu mapigo ya mita: kila pigo lazima lionekane, ila mita ya pigo moja kwa lita 10, hata maji yakipita lita 2 kwa sekunde, inakupa pigo moja kila sekunde 5. Mkatizo wa kawaida kwenye mguu wa chipu (ishara inayoifanya chipu iache ilichokuwa ikifanya na kushughulikia jambo la haraka) unaiamsha kutoka Stop, unaongeza namba, unairudisha kulala. Gharama yake haionekani kwenye bajeti.

Redio ni kali zaidi. Kifaa cha LoRaWAN cha daraja A, kikimaliza kutuma, kinafungua dirisha la kusikiliza, kwa mpangilio wa kawaida, sekunde 1 kamili baadaye, na jingine sekunde 2 baadaye. Ukichelewa kufungua, jibu la mtandao limepita na hutajua lilikuwepo. Kwa SF7 alama moja ya redio ina urefu wa milisekunde 1 hivi, na utangulizi wa ujumbe ni alama 8. Kristali ya 32.768 kHz iliyopotoka kwa sehemu 20 katika milioni inakosea mikrosekunde 20 tu ndani ya sekunde moja, na hiyo haina shida. Saa ya ndani isiyo na kristali, ikipotoka hata asilimia moja, inakosea milisekunde 10, na utangulizi wote umekupita. Nimekutana na zaidi ya mtu mmoja anayelalamika kwamba "LoRaWAN haipokei", na chanzo kikawa saa.

Ya nne ndiyo inayonifanya nikubaliane nawe kwamba unahitaji mfumo endeshi: vali. Mota inazungusha, swichi ya ukomo inagusa, na mota lazima ikatwe pale pale, la sivyo gia zinakwaruzana hadi ziishe. Tuseme una milisekunde 50. Sasa jiulize, kwenye kitanzi chako cha leo, swichi ikigusa wakati programu inasubiri redio imalize ile sekunde 1.48 ya SF12, nani atakata mota? Hakuna. Unaweza kuikata ndani ya mkatizo, na kwa vali moja hiyo ni njia halali kabisa. Lakini utaongeza muda wa mwisho wa mota endapo swichi imeharibika, kisha kipimo cha mkondo wa mota, kisha amri ya kufunga kutoka mbali, na kitanzi kitageuka kuwa mkorogo wa bendera na hali ambao wewe mwenyewe hutauelewa baada ya masika mawili. Hapo ndipo mpangaji wa kazi mwenye vipaumbele, ile sehemu ya mfumo endeshi inayoamua kazi ipi itangulie, anapolipa kodi yake ya nyumba.

Raspberry Pi tuiweke kando mapema. Linux ni mfumo mzuri, na tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024 viraka vya PREEMPT_RT vimo ndani ya Linux yenyewe, kwa hiyo si kweli tena kwamba haiwezi miadi. Kinachoikataza hapa ni umeme. Pi Zero isiyofanya chochote inakula karibu miliampia 100. Betri yako itamaliza siku moja. Iweke kwenye kituo cha kupokelea, ofisini kwa jumuiya, penye umeme wa ukutani.

Kwa kifaa cha juu ya tenki, ushauri wangu ni FreeRTOS. Nitakueleza kwa nini, na ni lini ningebadili mawazo.

Una RAM ya kilobaiti 20 na nafasi ya programu ya kilobaiti 192. Kiini cha FreeRTOS ni mafaili matatu ya lazima, tasks.c, queue.c na list.c, pamoja na faili la chipu na la kumbukumbu. Kikishatafsiriwa hakifiki kilobaiti 12 katika matumizi ya kawaida. Richard Barry alikianzisha mwaka 2003, Amazon ikakichukua mwaka 2017, na leseni yake ni MIT: unauza kifaa chako bila kumlipa mtu. Lakini sababu yangu kubwa ni kwamba mtu mmoja anaweza kukisoma kiini chote kwa wikiendi moja akakielewa. Wewe uko peke yako. Kifaa kikigoma usiku wa mvua juu ya mlima, utahitaji kitu unachokijua hadi chini kabisa.

Zephyr ni kazi nzuri sana, na sitaki uidharau. Linux Foundation iliitangaza mwaka 2016, leseni ni Apache 2.0, na inaweza kufanya kazi bila tiki za kudumu, yaani mapigo ya saa yanayoiamsha chipu kila mara. Maunzi unayaeleza kwenye faili la devicetree, kwa hiyo programu ileile unaihamishia kwenye chipu nyingine kama nRF52840 kwa mabadiliko machache, na MCUboot inakupa njia iliyonyooka ya kusasisha vifaa. Kungekuwa na timu ya watu watatu, au mpango wa vifaa vya aina tano, au chipu yenye RAM ya kilobaiti 64 na kuendelea, ningekuambia Zephyr bila kusita. Kwa kilobaiti 20 pamoja na LoRaWAN inaingia, ila utakuwa unahesabu baiti. Na kuna gharama ya kujifunza: devicetree, Kconfig ya mipangilio na zana ya west ya kujengea programu, vyote kwa mpigo, baada ya kupakua gigabaiti kadhaa. Kama intaneti yako ni ya bando la simu, hilo peke yake ni jambo la kufikiria.

RIOT nayo inakufaa kuliko wengi wanavyojua. Ilitoka kwenye vyuo na taasisi za utafiti za Ujerumani na Ufaransa kwa ajili ya chipu za saizi hii hasa, na bodi ya ST yenye moduli kama yako imo kwenye orodha yake. Kinachonirudisha nyuma ni kwamba ukikwama, watu wa kukusaidia ni wachache. ThreadX ni imara, ila imepita mikono: Express Logic, kisha Microsoft mwaka 2019, kisha Eclipse Foundation. Mbed OS usianze nayo. Arm ilitangaza mwaka 2024 kwamba mwisho wake ni Julai 2026, na kifaa chako kinatakiwa kiwe juu ya tenki miaka mingi baada ya hapo.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu huivuka. Ukiweka FreeRTOS kama ilivyo, betri yako inaweza kuwa mbaya kuliko ya kitanzi kilicholazwa vizuri. Kwa kawaida mfumo huu unapiga tiki mara 1,000 kwa sekunde ili ujue muda. Hiyo ni kuamsha chipu mara milioni 86.4 kwa siku, hata kama hakuna kazi. Watakuambia uwashe configUSE_TICKLESS_IDLE iwe 1. Washa, lakini ujue unachopata: njia hiyo ya chipu za Cortex-M inategemea saa ya SysTick, yenye biti 24. Kwa 32 MHz inahesabu hadi sekunde 0.52 kisha imejaa. Na SysTick yenyewe husimama chipu ikiingia Stop. Kwa hiyo unachopata ni usingizi wa mang'amung'amu, nusu sekunde nusu sekunde, wakati chipu ina uwezo wa kulala fofofo.

Dawa ni kuweka thamani iwe 2 na kuandika mwenyewe kazi ya vPortSuppressTicksAndSleep. Chipu yako ina saa inayoitwa LPTIM, inayoendelea kutembea ndani ya Stop kwa kristali ya 32.768 kHz. Igawe kwa 16: inapiga mara 2,048 kwa sekunde, yaani inaona nusu milisekunde, na biti zake 16 zinakupa hadi sekunde 32 za usingizi. Hiyo inatosha kwa dirisha la redio na inatosha kwa betri. Ndiyo maana nilikuambia mapigo ya mita uyahesabu kwa mkatizo: LPTIM ni moja tu kwenye chipu hii, usiipe kazi mbili. Mtego mmoja: ukitoka Stop, chipu haiamki na ile saa ya 32 MHz uliyoiweka mwanzo, inaamka na saa yake ya ndani, MSI au HSI. Usipoirudisha, utaona herufi za ajabu kwenye skrini ya serial na utadhani waya umelegea.

Sekunde 32 hizo hutazitumia zote, na hapa kuna jambo ambalo sikulijua hadi liliponikuta. Kifaa kinachoishi juu ya tenki lazima kiwe na mlinzi, ile saa ya IWDG inayokiwasha upya kikiganda. Kwenye STM32L0 mlinzi huyo akishawashwa haachi, hata ndani ya Stop, na muda wake mrefu kabisa ni takriban sekunde 28. Anatumia saa ya ndani isiyo makini, kwa hiyo 28 hizo zinaweza kuwa 19 kwenye chipu nyingine ya boksi lilelile. Mimi huamka kila sekunde 15, namlisha, narudi kulala. Kazi ya mikrosekunde mia moja kila sekunde 15 haiongezi chochote cha kuhesabika.

Panga taski tatu, yaani kazi tatu ambazo FreeRTOS inazipangia zamu. Ya vali iwe na kipaumbele cha juu, ya redio ifuate, ya kupima iwe chini. Maktaba ya LoRaWAN iishi ndani ya taski moja tu. Nyingine zote ziipelekee ujumbe kupitia foleni. Kumbukumbu itenge mwanzoni kwa heap_1, njia ya FreeRTOS isiyorudisha kilichogawiwa: kifaa cha miaka mingi hakitaki RAM iliyokatwakatwa vipande. Kagua staki (kumbukumbu ya kazi ya kila taski) kwa uxTaskGetStackHighWaterMark baada ya siku mbili za majaribio, kisha punguza ukiacha akiba.

Na kufuli, kile kinachozuia taski mbili kutumia kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kihisi cha kina na chipu ya FRAM ya kumbukumbu vinatumia njia moja ya mawasiliano, I2C. Taski ya kupima ikishika njia hiyo, kisha redio ikaitaka, redio inasubiri, na hiyo ni halali. Lakini akitokea wa tatu mwenye kipaumbele cha katikati, labda taski nyingine uliyoiongeza baadaye, akamsimamisha yule wa chini kabla hajaachia njia, basi redio ya kipaumbele cha juu inamsubiri wa katikati asiyehusika kabisa. Hili ndilo lililokikumba chombo cha anga cha NASA, Mars Pathfinder, Julai 1997. Chombo kilikuwa kimeshatua salama kwenye Mars kikiwa na mfumo endeshi wa VxWorks, kisha kompyuta ikaanza kujiwasha upya. Taski ndogo ya kukusanya takwimu za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli, taski kubwa ya kusambaza taarifa ikilisubiri, za katikati zikipita. Mlinzi akaona kazi haijaisha kwa wakati, akawasha upya. Wahandisi waliirudia hitilafu ileile kwenye nakala iliyokuwa maabara Duniani, wakaona kwamba urithi wa kipaumbele wa kufuli lile (aliyelishika kuazimwa kipaumbele cha anayemsubiri) haukuwashwa, wakauwasha kutoka Duniani. Kwenye FreeRTOS kuna kufuli za aina mbili: mutex inarithisha kipaumbele, semafo ya binari hairithishi. Zinafanana ukiziandika. Kwa njia ya I2C tumia mutex.

Kabla ya kupanda tenki, pima. Mita ya kawaida kwenye kipimo cha mikroampia ina ukinzani mkubwa; redio ikiamka volti inaporomoka na chipu inajiwasha upya, nawe utabaki unapima kifaa kinachojiwasha daima. Anza na kipimo cha miliampia, subiri kilale, shika waya mfupi juu ya ncha mbili za mita, badili kipimo, kisha ondoa waya. Soma usingizi. Ukiona juu ya mikroampia 10, usiendelee kuandika programu, tafuta mguu unaovuja.

Niliwahi kufunga vifaa vya mita za maji vilivyokuwa vinasoma mikroampia 6 mezani, vyote. Baada ya miezi michache baadhi ya betri zilikuwa zimeshuka kupita wenzake, bila mpangilio ninaouelewa. Nikashusha kimoja, nikakipima: mikroampia 39. Nikakirudisha kwenye mita yake, nikafungulia maji kidogo: 6. Nikafungulia tena kidogo: 39. Sumaku ndani ya mita ilikuwa ikisimama mbele ya swichi maji yalipofungwa, swichi ikabaki imefunga, na rezista yangu ya kilo-ohm 100 ikapitisha mikroampia 33 usiku kucha. Niliweka megaohm 1 na kapasita ya nanofaradi 10, ambayo pia inatuliza mtetemo wa swichi. Kwenye mchoro wako nimeona umeweka kilo-ohm 10. Hiyo ni mikroampia 330 kila maji yakisimama mahali pabaya.

Kwa hiyo wiki hii badilisha regyuleta, mguu wa TCXO na rezista hiyo, toa HAL_Delay uweke Stop na RTC ndani ya kitanzi chako kilekile, kisha nitumie namba ya usingizi. Ikishuka chini ya 10, tutaanza na LPTIM na FreeRTOS, na mota ya vali tutaipa njia yake ya umeme, kwa sababu MCP1700 inatoa miliampia 250 tu.